Kuja kwa Kijapani

Mwalimu wetu wa Kijapani alituambia kwamba lugha hiyo ina vitenzi vikorofi viwili tu. Vingine vyote vinafuata njia zinazojulikana. Ukikijua kimoja umejua mia. Hivi viwili havimfuati mtu. Kimoja ni kufanya, kingine ni kuja. Akaviandika ubaoni kwa herufi zetu za kawaida, suru na kuru, akavizungushia duara, akageuka kututazama kama mtu aliyetuletea zawadi.

"Viwili tu," alisema. "Waliosoma Kiingereza wanajua taabu yake. Hapa mna viwili."

Tulikuwa vijana wanane katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, Ilomba, jijini Mbeya. Mwalimu ni mtu wa Iringa aliyekaa Japani miaka mingi akifungua magari makuukuu na kupakia vipuri. Huko alifahamiana na mama mmoja, mkulima wa kabichi na vitunguu. Yeye na mumewe walikuwa wamezeeka, na watoto wao wamehamia mjini. Mama huyo alitaka wafanyakazi wawili wa kukaa naye miaka mitatu. Hakuuliza vyeti vya kidato. Alitaka watu wanaojua shamba, wanaoelewa wakiambiwa na kujibu wakiulizwa. Angezungumza na kila mmoja wetu kwa video, kisha achague wawili.

Mimi nimeishia darasa la saba. Shamba nalijua tangu utotoni. Kuelewa nikiambiwa, niliweza. Kujibu nikiulizwa ndiko kulikonitia hofu, kwa sababu jibu langu huwa tayari wakati swali limeshapita kwa mwingine. Lakini nafasi ile niliitaka. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu namna hiyo, na sikuwa nimemwambia mtu.

Siku ile mwalimu aliandika sura za kuru moja chini ya nyingine. Kimasu, nakuja. Kita, nilikuja. Konai, siji. Kite, njoo.

"Angalieni mwanzo wake," alisema. "Ku, ki, ko. Neno ni lile lile, ila kila likitoka nje linabadilisha nguo."

Mstari wa mbele alikaa kijana mmoja wa mtaa wa Soweto, hapo hapo Mbeya, fundi simu, mwenye ulimi mwepesi kuliko sisi wote. Akanyoosha mkono. "Sensei, kama nakuja ni kimasu, basi siji si ingekuwa kinai?"

"Ingekuwa. Lakini haiwi."

"Kwa nini?"

"Hakuna kwa nini. Wewe ukitaka kumwita mtu unamwambiaje?"

"Oya!"

Tulicheka, na mwalimu akacheka. "Ukimwita kwa adabu."

"Njoo."

"Sasa. Kula, unamwambia mtoto kula. Kunywa, unamwambia kunywa. Na kuja?"

"Njoo."

"Hiyo njoo umeitoa wapi? Iko wapi ndani ya kuja?"

Wenzangu walitazamana kama watu walioulizwa jina la mjomba wao wakagundua hawalijui. Mimi habari ile niliijua vizuri, kwa sababu ilikuwa imeshaniumiza.

Nyumbani kwetu ni Usangu, ukishuka bondeni kutoka Chimala. Wazazi wangu walihamia huko na ng'ombe kutoka Shinyanga kabla sijazaliwa, na ndani ya uzio wetu tuliongea Kisukuma tu. Nilipoanza darasa la kwanza, Kiswahili changu kilikuwa cha kuokota dukani na kisimani. Siku moja mwenzangu alianguka akachubuka goti, damu ikawa inatoka. Nilikimbia mpaka mlangoni kwa walimu nikasema kwa sauti kubwa, "Mwalimu, kuja!" Nilikuwa nimesikia kula, nimesikia kunywa, nikadhani kuja ni ndugu yao. Walimu walicheka, na watoto waliokuwa uwanjani wakadakia. Goti la yule mwenzangu lilipona kabla ya wiki kwisha, lakini mimi niliitwa Mwalimu Kuja mpaka darasa la nne. Tangu hapo nikawa nayapima maneno kabla ya kuyatoa, na mara nyingi nilimaliza kuyapima watu wameshaondoka.

Sijui siku ile Ilomba nilipatwa na nini. Nilisema bila kunyoosha mkono, "Hata kwetu ni hivyo hivyo."

Mwalimu akanitafuta kwa macho. "Kwenu ni wapi?"

"Kwa Kisukuma. Kuja ni kwiza. Lakini ukimwita mtu unasema nzugu."

Kijana wa Soweto aligeuka na kiti chake chote. "Kumbe dada wa ng'ombe anaongea! Sensei, andika tarehe."

"Wewe nyamaza, mwenzako anatoa dawa," mwalimu alisema. Akaja mpaka kwenye dawati langu akaniomba nirudie, kisha akaliandika neno la nyumbani kwetu ubaoni, chini ya njoo. Nzugu. Nilikuwa sijawahi kuliona limeandikwa. "Mnaona? Msukuma, Mswahili na Mjapani, wote huyu mmoja amewashinda kumnyoosha. Anayekuja haji kwa utaratibu."

Kuanzia siku ile nilikichukua kile kitenzi kama changu. Vingine nilivijifunza kwa kuwa nimeambiwa. Hiki nilikijifunza kwa kisasi.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, humo humo Ilomba, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kukoboa. Kila asubuhi nilifagia uwanja huku nikisema, "Ku, ki, ko. Ku, ki, ko." Siku ya pili tu kuku wa shangazi wakaanza kunikimbilia, na wakiwa wamenizunguka hivyo nilizidi kuongeza sauti, maana walinisikiliza vizuri kuliko watu. Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe binti, unawaita kuku wangu na huna hata punje moja ya mahindi?"

"Siwaiti, shangazi. Nasoma."

"Unasoma nini?"

"Kuja."

Aliwatazama kuku, akanitazama mimi. "Basi wao wameshafaulu," akasema, akarudi jikoni.

Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa siwezi kukosea. Ungeniamsha usingizini ungenikuta na konai yangu. Wenzangu walipotupiwa swali la kuru walinigeukia mimi, na kijana wa Soweto akaacha kuniita dada wa ng'ombe kwa siku mbili nzima. Nilianza kuamini kwamba nimelimaliza lile neno.

Basi asubuhi moja simu yangu ikaita tukiwa darasani. Alikuwa mama. Mama hapigi simu bure, kwa hiyo nilisimama nikasema kwa kujiamini, "Sensei, kimasu," nikatoka. Mama alitaka kuniambia kwamba maji yamefunguliwa mferejini na wiki ijayo wanapandikiza mpunga. Niliporudi nikakuta darasa zima linanisubiri kwa tabasamu.

"Umesema unakuja," mwalimu alisema, "na sisi tunaona mgongo."

"Lakini si ndivyo tunavyosema, Sensei? Mtu akitoka anasema nakuja."

"Sisi tunasema. Hata fundi wa cherehani anakwambia nakuja, halafu unakaa kwenye benchi lake mpaka makalio yanakufa ganzi. Kijapani hakina hiyo." Alichukua chaki akachora alama ya msalaba sakafuni, akasimama juu yake. "Hapa nipo mimi ninayesema. Kinachoelekea hapa, kinakuja. Kinachotoka hapa, kinakwenda. Hata kama nakufuata wewe hapo ulipo, mimi sisemi nakuja. Nasema nakwenda. Wewe ndiye utakayesema anakuja, kwa sababu wewe ndiye unayeniona nikikaribia."

"Na nikikupigia simu kwamba niko njiani kwako?" kijana wa Soweto aliuliza.

"Unakwenda. Ikimasu."

"Ikimasu na kimasu?"

"Ndiyo."

"Tofauti yake i moja?"

"I moja. Na ile i ni umbali wa kutoka hapa mpaka Japani."

Niliandika hayo kwenye daftari. Mimi naandika pole pole, herufi moja moja, na nilipofika kwenye neno umbali wenzangu walikuwa wameshatoka kwenda kunywa chai. Mwalimu hakufuta ubao. Alisubiri.

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kusaidia kupandikiza. Ilikuwa pia lazima nimwambie mama, maana yeye alijua tu kwamba ninasoma lugha Mbeya. Hakujua lugha hiyo ni ya kunipeleka wapi.

Tulikuwa wawili jarubani, maji mpaka vifundoni, migongo imeinama, mafungu ya miche kati yetu. Kazi ile ni nzuri kwa mtu kama mimi kwa sababu hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Nikamweleza yote. Shamba la kabichi, mama wa Kijapani, miaka mitatu, kwamba ni wawili tu watakaochukuliwa kati ya wanane.

Mama alipandikiza mstari mzima. Kisha akauliza, "Kaka yako aliniambia nini siku anaondoka?"

Nilijua. Nikavuta fungu jingine la miche.

"Alisimama pale barabarani na fimbo yake na ng'ombe wa baba yenu. Akaniambia, mama, nakuja. Mwaka wa ngapi huu yuko Lindi?"

"Wa nne."

"Akipiga simu anasema nini?"

"Anasema anakuja."

"Basi." Alichomeka miche mitatu kwa nguvu, ikabidi airudie kuinyoosha. "Mimi sikatai. Nenda kajibu maswali yao. Lakini hilo neno usiniletee hapa. Ukiondoka, ondoka kimya."

Nilitaka kumweleza habari ya msalaba wa chaki, kwamba kuna watu duniani ambao hawasemi nakuja huku wanaondoka, ila niliona litakuwa jambo la kumwongezea uchungu. Tulimaliza jaruba lile tukahamia jingine.

Usaili ulifanyika Iringa, nyumbani kwa mwalimu, Kihesa, kwa sababu intaneti ya pale aliiamini. Tulikwenda siku moja kabla kwa basi, na asubuhi mke wake alituamkia kwa Kihehe, "Kamwene," akatupa chai ya tangawizi na viazi vitamu. Baridi ya Iringa ilikuwa kali, ukuta wa sebule ulikuwa baridi kama chungu cha maji. Saa tatu asubuhi kwetu, mwalimu alisema, ni saa tisa alasiri huko, wakati mama yule anapumzika kutoka shambani.

Kuna jambo mwalimu alitufundisha tangu mwanzo, na alilirudia asubuhi ile tukiwa tumepanga foleni kwenye korido. "Swali likikutisha, kamata kitenzi chake ulirudishe nacho. Akisema unakula, sema nakula. Akisema unapenda, sema napenda. Kitenzi cha swali ndicho kitenzi cha jibu." Ilikuwa kanuni nzuri. Ilinisaidia miezi yote ile.

Kijana wa Soweto alitangulia. Alitoka baada ya dakika kumi akiwa anacheka.

"Rahisi kinoma," alininong'oneza. "Anauliza yale yale tuliyofundishwa. Ila wewe dada, ongea. Ukikaa kimya kama kawaida yako, yule mama atadhani mtandao umekata."

Niliingia. Mwalimu alikaa pembeni ya meza, nje ya kamera, ili atafsiri tukikwama kabisa. Kwenye kompyuta alikuwepo mama mfupi, mwenye kitambaa kichwani na tope kidogo kwenye mkono wa shati. Nyuma yake vilining'inia vitunguu, mafungu kwa mafungu. Sijui nilitegemea nini. Pengine nilitegemea mtu wa ofisini. Nilipoliona lile tope pumzi yangu ilishuka kidogo.

Aliniuliza jina, nikajibu. Aliniuliza nalima nini, nikasema mpunga. Aliuliza kama napenda kuamka mapema, nikakikamata kitenzi nikamrudishia. Kalamu yake ilikuwa inakwenda. Kisha akauliza, "Itsu Nihon ni kimasu ka?"

Japani utakuja lini? Swali la kitenzi changu mwenyewe. Nilikaribia kucheka kwa furaha. Kazi ilikuwa ianze mwezi wa nne, kwa hiyo nilisema bila kusita, "Shigatsu ni kimasu." Mwezi wa nne nakuja.

"Hai," alisema, yaani ndiyo, akainamisha kichwa kuandika.

Hapo ndipo nilipojisikia. Miguu yangu ilikuwa juu ya sakafu ya saruji, Kihesa, Iringa. Msalaba wa chaki ulikuwa chini yangu mimi, haukuwa chini yake. Yeye anaweza kusema ninakuja. Mimi siwezi. Nilikuwa nimelikosea lile lile neno, mbele ya mtu yule yule ambaye sikutaka kukosea mbele yake, na masikio yangu yakawa ya moto kama siku ile mlangoni kwa walimu.

Lakini hakuna aliyecheka. Mama alikuwa anaandika. Mwalimu alikuwa anatazama meza. Kosa lilikuwa linapita taratibu, kama mtu anayepita nje ya uzio bila kubisha, na nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Kukaa kimya ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote.

Nilikaa kimya. Nikazidi kukaa. Mama aliinua kichwa, akaisogelea kamera mpaka paji lake la uso likajaa kioo chote.

"Moshi moshi?" alisema. Haloo?

Kweli alidhani mtandao umekata.

"Sumimasen," nilisema. Samahani. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Sumimasen. Kimasu, iie. Ikimasu. Shigatsu ni ikimasu." Si kuja. Kwenda. Mwezi wa nne nakwenda.

Aliiweka kalamu chini. "Dooshite?" aliuliza. Kwa nini?

Swali hilo halikuwa na kitenzi cha kukamata. Nilimwambia kwa maneno niliyokuwa nayo: kwa Kiswahili ni kimasu, kwa Kijapani ni ikimasu. Kisha maneno yakaniishia, nikamgeukia mwalimu.

"Mwambie kwetu ukizungumza na mtu aliye mbali unasema nakuja, kwa sababu unamfikiria yeye, amesimama kule, anakuona ukifika. Na hata ukiondoka nyumbani unasema nakuja, ili unaowaacha wasihuzunike. Kwa hiyo nimesahau kwamba niko huku."

Mwalimu alitafsiri. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyosema mimi, na katikati mama alimkatiza mara mbili kuuliza jambo. Kisha akasema maneno mengi kwa haraka akinyoosha kidole kwenye vile vitunguu.

"Anasema mwaka juzi alikuwa na mfanyakazi aliyemwagia miche dawa isiyo yake," mwalimu alisema. "Akanyamaza. Wakajua wiki ya pili, wakati imeshakauka yote. Anasema kosa lako ni dogo na wengi hulifanya. Lakini anataka mtu wa kusema siku hiyo hiyo."

Mama alikuwa bado anaongea. Safari hii alinitazama mimi na kusema pole pole, kama anayemlisha mtoto. "Itte kimasu."

Nilisikia kimasu ikiwa ndani yake nikashtuka.

"Hiyo sijawafundisha, nilikuwa naiweka kwa ajili ya mwisho," mwalimu alisema. "Wajapani wakitoka nyumbani asubuhi, kwenda kazini au shule, wanawaambia wanaobaki, itte kimasu. Nakwenda, kisha nakuja. Yote mawili kwa pamoja. Na anayebaki anajibu, itte rasshai. Nenda, kisha uje. Anasema wewe hukuwa mbali na ukweli. Ulisahau nusu ya kwanza."

Mama aliniambia niirudie, nikairudia. Akanisahihisha kidogo, nikairudia tena. Kisha akauliza kama naogopa konokono, kwa sababu kabichi zake zina konokono wengi, na usaili ukaisha.

Kwenye korido kijana wa Soweto alikuwa ananisubiri. "Mbona umekaa sana? Mlikuwa mnapatana mahari?"

"Nilikosea kuru," nikamwambia.

"Wewe?" Alinitazama ili aone kama natania. "Wewe ndiye umekosea kuru? Mimi aliniuliza utakuja lini nikamwambia nakuja mwezi wa nne."

"Kimasu au ikimasu?"

Alifungua mdomo, akaufunga. "Mungu wangu," alisema, akakaa chini.

Tuliambiwa tusubiri majuma mawili. Sikukaa Ilomba, nilirudi nyumbani, kwa sababu palizi ilikuwa imeanza, na nilijua nikibaki mjini nitakuwa naitazama simu kama chungu cha maharage. Bondeni kwetu mtandao unapatikana juu ya tuta la mfereji tu. Nilijiwekea sheria ya kupanda pale mara moja kwa siku, mchana, wakati wa chakula.

Siku ya nne au ya tano tukiwa tumekaa juu ya tuta hilo na bakuli la wali, nilimsimulia mama habari ya itte kimasu. Sikupanga. Alikuwa ameniuliza tu yule mama wa Kijapani alikuwa mtu wa namna gani, nikaanza na tope la kwenye shati, nikajikuta nimefika huko.

Aliacha kula. "Wanasema yote mawili?"

"Yote mawili. Nakwenda, kisha nakuja."

"Wasiposema la kwanza?"

"Haliwi neno."

Alifikiri. "Na anayebaki analijibu, hakai tu?"

"Analijibu. Anasema nenda, kisha uje."

"Afadhali hao," mama alisema. "Kaka yako alinipa nusu." Akachota wali, akautazama, akaula.

Majuma mawili yakaisha, zikaongezeka siku tatu. Siku ya tatu nilipanda tuta nikiwa nimeshajipanga moyoni. Nilikuwa nimeamua kwamba nisipochukuliwa nitarudi Ilomba kusoma hivyo hivyo, mpaka atokee mkulima mwingine mwenye konokono. Simu ilipopata mtandao ililia mara mbili. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mwalimu. Ulisema: Mama anauliza urefu wa mguu wako kwa sentimita.

Niliusoma tena na tena. Sikuelewa kwa nini mtu aliye Japani anahitaji mguu wangu. Nilifungua wa pili, wa kijana wa Soweto. Oya dada wa ng'ombe, na wewe umeulizwa mguu? Anatununulia buti za shambani!!! Yule mama kasema mimi nimekosea kama wewe ila nimekosea kwa furaha, atanivumilia.

Nilishuka tuta nikikimbia, nikateleza, nikaingia mferejini mpaka magotini. Mama alidhani nimeumwa na nyoka. Nilipomweleza, hakutabasamu. Alitwaa jembe lake akaelekea nyumbani, nami nikamfuata nisijue kama amekasirika. Bado kulikuwa na mengi mbele. Kulikuwa na pasi ya kusafiria, na mtihani wa Kijapani ambao lazima niufaulu kabla ya mwezi wa nne, na mimi kusoma kwangu kama kuandika kwangu ni kwa mwendo wa kinyonga. Nilitaka kumwambia hayo ili ajue kwamba sijaondoka bado.

Aliingia ndani akatoka na rula yangu ya shule, ya mbao, ambayo sikujua kwamba aliitunza. Akaninawisha mguu kwa maji ya ndoo kama nilipokuwa mtoto. Akanisimamisha juu ya kipande cha boksi, akachora kwa mkaa kuuzunguka, kuanzia kisigino, pole pole, mpaka kwenye kidole gumba. Kisha akaweka rula. Mama hajasoma, kwa hiyo aliweka kucha yake mahali mguu ulipoishia, akaniambia nisome mimi.

"Ishirini na nne na nusu."

"Hakikisha."

Nikainama tena. "Ishirini na nne na nusu, mama."

"Mwandikie ishirini na tano," alisema. "Utavaa na soksi. Si unasema huko kuna baridi?"